Nani alijua nini, na lini: shajara ya mafunzo ya walimu wa historia

Wiki ya maandalizi

Kabla ya kuandaa mada hata moja niliomba nikae nyuma ya darasa nisikilize. Mradi wenyewe si mkubwa: walimu 24 wa historia, wiki nane, kikao kimoja kwa wiki na kazi ya kufanya katikati. Lengo lililoandikwa kwenye karatasi ni "kuimarisha ufundishaji wa migogoro ya kisiasa ya dunia katika karne ya 20". Maneno hayo yanaweza kubeba chochote, ndiyo maana nilitaka kuona kwanza kinachofanyika.

Vipindi vilifanana. Mwalimu anaandika ubaoni "Sababu za Vita ya Kwanza ya Dunia". Chini yake: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa. Halafu "sababu ya karibu", kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Wanafunzi wananakili. Kipindi kijacho ni matokeo.

Orodha ile haina kosa. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini kati ya risasi za Gavrilo Princip na siku Uingereza ilipoingia vitani, 4 Agosti, zilipita siku 37. Kama vita ilikuwa haiepukiki, siku zote hizo watu walikuwa wanafanya nini? Nimeandika swali hilo kwenye jalada la daftari.

Wiki ya 1

Nilianza kwa kuwaomba walimu waandike aya moja tu: kwa nini vita ilizuka mwaka 1914? Niliwapa dakika kumi. Nilikusanya zile aya bila kuzisahihisha, nikazifungia kwenye bahasha. Tutazifungua mwishoni.

Kisha nikabandika ukutani kalenda ya Julai 1914, mikeka mitano ya karatasi, kila mkeka wiki moja. Makundi yakapewa vipande vyenye matukio, wavibandike mahali pake. Tarehe 5 na 6, Berlin (Ujerumani) inaiahidi Vienna (Austria-Hungaria) kwamba itaiunga mkono. Tarehe 23, Austria-Hungaria inaipa Serbia masharti na saa 48 za kujibu. Tarehe 25, Serbia inajibu, inakubali karibu yote. Tarehe 28, Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani anasoma jibu hilo, anaandika pembeni kwamba sasa sababu yote ya vita imeondoka. Siku hiyo hiyo, Austria-Hungaria inatangaza vita.

Hapo chumba kilinyamaza. Mwalimu mmoja, aliyefundisha somo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, alisogea ukutani akasoma kile kipande mara ya pili. "Mwalimu, hii ya Wilhelm ni kweli?" Ni kweli. "Mbona miaka yote mimi namfundisha kama aliyekuwa anaitafuta vita?"

Nilimjibu kwamba hajakosea moja kwa moja. Wilhelm yule yule ndiye aliyeiahidi Vienna msaada wiki tatu nyuma. Ila katika orodha ya ubaoni Wilhelm ni mtu mmoja mwenye nia moja. Kwenye kalenda ni mtu anayebadilika kati ya siku na siku, na Vienna haimsubiri amalize kubadilika. Tukaongeza kipande cha Nikolai II, mfalme wa Urusi: tarehe 29 anatoa amri ya kuita jeshi lote, anaifuta usiku ule ule baada ya kupata telegramu ya Wilhelm, kesho yake anaitoa tena.

Kazi waliyokwenda nayo: kila mmoja achague tukio moja analolifundisha, aandike ni tarehe gani wahusika wangeweza bado kufanya kingine.

Baada ya kikao nikajiandikia neno la kuongoza mradi: "ficha mwisho". Wazo ni kwamba mwanafunzi apewe nyaraka hadi siku fulani tu, aamue, ndipo aone kilichotokea. Wiki ya tatu nililazimika kulifuta. Nitafika huko.

Wiki ya 2

Wiki ya tafsiri. Sikutarajia ingechukua kikao kizima, lakini ilichukua, na sijuti.

Nyaraka nilizochagua zilihitaji kuwekwa kwa Kiswahili ili zisomeke darasani bila mwalimu kugeuka mkalimani. Tuligawana. Hotuba ya Rais Kennedy wa Marekani ya 22 Oktoba 1962, kuhusu makombora ya Kisovieti nchini Kuba, ikaangukia kundi la walimu wanne, nao wakakwama kwenye neno moja: karantini. Mmoja alisema tuandike "kizuizi cha baharini", maana ndicho kilichokuwepo, meli za kivita zimeizunguka Kuba. Mwingine akasema hapana, Kennedy alisema karantini, basi tuandike karantini. Mwenzao akacheka: "Mwanafunzi akisoma karantini atadhani Kuba ilikuwa na ugonjwa wa mifugo."

Kicheko hicho ndicho kilichotufungulia mlango. Kuifungia nchi bahari, kwa sheria ya kimataifa, ni tendo la vita. Kennedy na washauri wake walilijua hilo, wakatafuta neno linalonukia hospitali badala ya mizinga. Kwa hiyo mwanafunzi anayewaza mifugo na ugonjwa amefika karibu kabisa na kile waandishi wa hotuba walichokitaka. Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, hakulinunua neno hilo. Katika barua yake ya 24 Oktoba aliliita jambo lile uchokozi. Tukaamua kuandika "karantini" katika hotuba ya Kennedy na kuwaachia wanafunzi waulize kwa nini barua ya Moscow inalikataa jina hilo. Walimu wenyewe wakasema neno moja likitafsiriwa vizuri linaweza kubeba kipindi kizima.

"Vita Baridi" nayo haikusalimika. Mtu akauliza: baridi kwa nani? Vita ya Korea ilianza 25 Juni 1950, ikasimamishwa 27 Julai 1953, na waliokufa wanahesabiwa kwa mamilioni. Hatukubadilisha jina, maana limeshazoeleka vitabuni. Tulikubaliana tu kwamba swali hilo liwe la kwanza kuulizwa.

Sehemu ya pili ya kikao nilitumia zoezi ninalolipenda kupita yote. Telegramu mbili za mwaka 1946. Ya kwanza iliandikwa 22 Februari na George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Moscow. Ya pili ni ya 27 Septemba, ya Nikolai Novikov, balozi wa Kisovieti mjini Washington. Hiyo haikujulikana hadharani mpaka 1990. Nilichukua vifungu vichache vya kila moja, nikafuta majina ya nchi, nikawauliza walimu: nani anamwandikia nani?

Walibishana kwelikweli. Kila kifungu kinasema upande wa pili unataka kuitawala dunia, na kwamba maneno yake ya amani ni ya kupoteza muda. Makundi mawili yalizigeuza kabisa.

Na hapo ndipo nilipojikwaa. Wakati wa kufunga, mwalimu kijana akasema kwa furaha, "Kumbe wote walikuwa sawa tu!" Wenzake wakaitikia kwa vichwa, na mimi, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, nikaachia. Njiani nilijilaumu. Kuogopana kwa namna moja si kutenda kwa namna moja. Mwaka 1954 serikali ya Jacobo Árbenz nchini Guatemala iliangushwa kwa mpango wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 1956 vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest. Yote mawili ni kuingilia nchi ya watu, lakini hayakufanyika kwa njia moja, wala hayakuacha aina moja ya ushahidi, na mwanafunzi ana haki ya kuyapima moja moja. "Wote sawa" ni njia ya mkato ya kukwepa kupima.

Nimeandika kwa wino mwekundu: nyaraka za hofu ziambatane na nyaraka za matendo.

Wiki ya 3

Oktoba 1962. Bahasha sita kwa kila kundi, kila moja na tarehe. Wanasoma, wanaamua, ndipo wanafungua inayofuata.

Mambo yaliharibika mapema. Kundi moja lilifungua bahasha ya mwisho kwanza, "kuona tu kama zimekamilika". Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwisho wa mgogoro wa Kuba haufichiki. Kila aliyemo chumbani anajua dunia haikuungua. Walipoamua tarehe 16 Oktoba kama waishambulie Kuba kwa ndege au la, waliamua kwa utulivu wa watu wanaosoma riwaya waliyokwisha kusimuliwa. Nilizunguka katikati ya meza nikisikia uamuzi wa busara kila kona, nikajua zoezi limekufa.

Wakati wa mapumziko nilikaa na bahasha ambazo sikuwa nimepanga kuzitoa, zile zenye mambo yaliyojulikana miaka mingi baadaye. Niliporudi nikabadilisha swali. Sikuuliza tena "mngefanya nini?" Niliuliza, "Siku ya Jumamosi, tarehe 27, kila mtu alijua nini?" Nikachora ubaoni safu nne: Washington, Moscow, Havana, chini ya bahari.

Washington ilijua kwamba ndege yake ya upelelezi ya U-2 imetunguliwa juu ya Kuba na rubani, Rudolf Anderson, amekufa. Ilijua kuna barua mbili za Khrushchev, ya jana yenye sauti laini na ya leo inayodai makombora ya Jupiter yaondolewe Uturuki. Haikujua kwamba kisiwani tayari kulikuwa na silaha ndogo za nyuklia za kutumika dhidi ya jeshi litakalovamia, wala kwamba wanajeshi wa Kisovieti waliokuwa huko ni zaidi ya 40,000, wengi kuliko makadirio yake. Majenerali waliotaka uvamizi walikuwa wanataka kupeleka askari wao kwenye kitu wasichokijua kipo.

Moscow haikuwa imeamuru ndege ile itunguliwe. Khrushchev naye alikuwa anapokea habari za askari wake mwenyewe kama mtu anayesikia kelele chumba cha pili.

Havana haikujua kwamba jioni hiyo Robert Kennedy, ndugu wa rais, angekutana na Dobrynin, balozi wa Kisovieti mjini Washington, na kumpa ahadi ya siri kuhusu makombora ya Uturuki. Kesho yake Khrushchev alitangaza kwa Redio Moscow kwamba anaondoa makombora Kuba, na Castro, kiongozi wa Kuba, hakuwa ameulizwa.

Na safu ya nne. Nyambizi ya Kisovieti B-59, iliyokuwa imefukuzwa na manowari za Marekani na kurushiwa milipuko midogo ya kuilazimisha ielee, ilikuwa na torpedo yenye kichwa cha nyuklia. Waliokuwa juu hawakujua. Waliokuwa chini, kwa masimulizi yaliyotoka baadaye, hawakujua kama vita imeshaanza au la, na ofisa Vasily Arkhipov ni mmoja wa waliozuia isifyatuliwe. Habari hii haikuenea duniani mpaka 2002.

Safu zilipojaa, chumba hakikuwa na utulivu tena. Mwalimu aliyekuwa ameamua mapema kwa kujiamini "tushambulie vituo tu, basi" alisimama akaenda kufuta uamuzi wa kundi lake ubaoni, bila kuulizwa.

Basi nimelifuta neno "ficha mwisho". Swali linaloongoza mradi kuanzia leo ni hili: nani alijua nini, na lini? Swali hili halihitaji siri. Mwanafunzi anaweza kujua mwisho wote na bado akahangaika.

Lilitusaidia pia na kifungu kimoja kinachorudiwa mno, kwamba Khrushchev "aliogopa akarudi nyuma" na Kennedy "akashinda". Makombora ya Jupiter yaliondolewa Uturuki Aprili 1963. Kwa kuwa ahadi ile ilifichwa, kwa miaka mingi watu walijifunza kutoka kwenye mgogoro huu kwamba ukikaza tu adui atalegea. Walijifunza kutoka kwenye nusu ya ushahidi.

Wiki ya 4

Nusu ya walimu hawakufika; ni majira ya kusahihisha mitihani. Waliokuja tulipitia maandalio ya somo. Mengi ni mazuri lakini ni marefu, nyaraka za kurasa mbili kwa kipindi cha dakika arobaini. Tumekubaliana: waraka wa darasani usizidi mistari minane.

Wiki ya 5

Leo nimepiga marufuku methali. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Nilikuwa nimeihesabu. Katika maandalio niliyokusanya kuhusu Vita Baridi nje ya Ulaya, methali hiyo ilikuwa karibu kila mahali, mara nyingi mwanzoni kabisa. Si methali mbaya, na kwa mkulima ambaye shamba lake limetegwa mabomu ya ardhini ni kweli tupu. Lakini ikitangulia somo inaamua kila kitu kabla ya ushahidi: kuna tembo wawili, na wengine wote ni majani. Majani hayana mipango. Hayaandiki barua.

Walimu hawakufurahi. Mmoja, mzee kuliko mimi, aliniambia kwa upole kwamba nimemnyang'anya mlango wa kuingilia darasani. Nikamwomba anipe nusu saa.

Niliweka mezani Vita ya Ogaden, eneo la Ethiopia linalopakana na Somalia. Ethiopia ilikuwa rafiki wa Marekani wa muda mrefu, na Wamarekani walikuwa na kituo kikubwa cha mawasiliano cha Kagnew pale Asmara, wakati huo sehemu ya Ethiopia. Somalia ilikuwa na silaha za Kisovieti na mkataba wa urafiki na Moscow wa mwaka 1974. Mwaka huo huo Haile Selassie akapinduliwa. Mengistu, mmoja wa wanajeshi waliochukua madaraka, akageukia Moscow na Aprili 1977 akawafungia Wamarekani kituo. Julai 1977 Siad Barre, rais wa Somalia, akaingiza jeshi Ogaden. Muungano wa Kisovieti ulijaribu kuwashika wote wawili, ukashindwa, ukachagua Ethiopia. Novemba Siad Barre akawafukuza washauri wa Kisovieti na kuvunja mkataba. Silaha za Kisovieti na askari wa Kuba wakaenda upande wa Ethiopia, na Machi 1978 jeshi la Somalia likarudi nyuma. Mwaka 1980 Wamarekani wakapata ruhusa ya kutumia Berbera, bandari ambayo Wasovieti walikuwa wameijenga.

"Sasa nionyeshe, mwalimu, tembo ni yupi na nyasi ni ipi." Alitazama karatasi, akatabasamu. "Hapa nyasi imebadilisha tembo."

Hatukuishia kwenye kicheko, maana hatari ya upande wa pili ipo: kuwafanya Siad Barre na Mengistu werevu wa mchezo na kusahau waliokufa jangwani. Tuliongeza Angola. Novemba 1975, Kuba ilipopeleka askari kuisaidia MPLA, chama kimoja cha ukombozi wa Angola, uamuzi ulitolewa Havana, si Moscow. Mwanafunzi aliyezoea kuwaona Wakuba kama vibaraka wa Kisovieti hana mahali pa kuliweka hilo mpaka aache orodha ya kambi mbili.

Kisha Kongo. Nilijua itakuwa ngumu, na ilikuwa hivyo.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kwa walimu wengi mle chumbani si mada tu. Ni mtu. Mwalimu mmoja alisema waziwazi hawezi kumweka mezani kama waraka wa kujadiliwa, "kana kwamba kuna pande mbili za kuuawa kwake". Nilimwelewa. Nikamwambia hatujadili kama aliuawa kwa haki. Tunauliza swali letu lile lile, na swali hilo halimpunguzii Lumumba kitu.

Tukaweka tarehe. Uhuru, 30 Juni 1960. Jimbo la Katanga likajitenga 11 Julai, likiwa na askari wa Kibelgiji nyuma yake. Tarehe 12, Lumumba na Rais Kasavubu waliuomba Umoja wa Mataifa msaada, na tarehe 14 Baraza la Usalama likapitisha azimio. Mwishoni mwa Julai Lumumba alikuwa Washington. Hakuonana na Rais Eisenhower. Ni baada ya kuona Umoja wa Mataifa haugusi Katanga ndipo alipopokea ndege na magari ya Kisovieti, Agosti. Walimu wakaliona haraka: yule aliyeitwa mkomunisti alibisha hodi mlango wa Marekani kwanza.

Septemba 5, Kasavubu alimfuta kazi. Septemba 14, Mobutu, mkuu wa jeshi, akachukua madaraka. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa Katanga pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kennedy aliapishwa tarehe 20. Kifo kilitangazwa 13 Februari.

Siku 27. Tuliziandika ubaoni: nani alijua, katika siku hizo 27? Waliomuua walijua. Maofisa wa Kibelgiji waliokuwepo walijua. Rais mpya wa Marekani alikuwa anajadili sera ya Kongo na mtu ambaye hayupo tena. Mama Pauline, mkewe, hakuambiwa. Yule mwalimu aliyekataa ndiye aliyeomba chaki aandike safu hiyo ya mwisho.

Tulimaliza na ushahidi ulivyokuja kwa kuchelewa: kamati ya Seneti ya Marekani ya mwaka 1975 iliyochunguza njama za CIA, na tume ya bunge la Ubelgiji iliyosema mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba wajibu wa kimaadili. Tume ilichagua neno "kimaadili". Walimu waliozoea karantini hawakuhitaji kuambiwa walitazame neno hilo mara mbili.

Marufuku ya methali imelegezwa. Inaruhusiwa mwishoni mwa somo, na wanafunzi waseme kama inafaa.

Wiki ya 6

Kutoka chumba cha mafunzo kwenda madarasani. Nilitazama vipindi vitatu.

Cha kwanza kilizama. Waraka ulikuwa mzuri, maelekezo yalikuwa mengi, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko nakala. Waliokaa nyuma waliona karatasi ikipita kwa wenzao. Mwalimu aliniambia baadaye ataandika waraka ubaoni, mistari sita, basi. Sawa kabisa.

Cha pili sina cha kusema. Kilikwenda vizuri, Mkutano wa Bandung wa 1955, ule wa nchi za Asia na Afrika.

Cha tatu kilikuwa usiku wa 9 Novemba 1989, Berlin. Mwalimu alianza na mtu mmoja mezani, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, mbele ya waandishi wa habari. Karibu saa moja jioni anasoma karatasi aliyopewa kuhusu kanuni mpya za kusafiri. Zilipangwa zianze kesho yake, kwa utaratibu wa kuomba viza. Hakujua. Anaulizwa zinaanza lini, anapekua karatasi, anajibu: mara moja, bila kuchelewa. Watu wanaanza kwenda ukutani. Walinzi hawajapewa amri yoyote. Muda mfupi kabla ya saa sita usiku, ofisa Harald Jäger kwenye kivuko cha Bornholmer Strasse anaagiza geti lifunguliwe.

Darasa lilichangamka kuliko nilivyowahi kuona. Halafu msichana mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwalimu, Ukuta ulianguka kwa kukosea kusoma?"

Mwalimu alinitazama. Sikumwokoa, na nilifanya vizuri, maana alijiokoa. Aliwaambia warudi nyuma kwenye kalenda. Septemba 11: Hungaria inawaruhusu Wajerumani Mashariki kuvuka kwenda Austria. Oktoba 9: watu wapatao 70,000 wanaandamana Leipzig na jeshi halifyatui risasi. "Sasa fikirini Schabowski angekosea vile vile mwaka 1975. Nani angekwenda ukutani?"

Hili ndilo tundu la njia yangu, na msichana yule alilitia kidole. Ukiuliza tu nani alijua nini, historia inageuka mkusanyiko wa ajali na bahati. Zile sababu za ubaoni, miungano, silaha, uchumi uliokwama, zinarudi mlango wa nyuma kudai nafasi yao. Kwa hiyo orodha haifutwi. Inafuata kalenda badala ya kuitangulia.

Wiki ya 7

Mitihani. Kila mwalimu analo swali moja: "Haya yote ni mazuri, lakini mtihani utauliza eleza sababu tano." Hawatanii, na mimi si mtu wa kuwaambia waupuuze mtihani ambao mwanafunzi wao ataukalia.

Tulichukua maswali ya kawaida na kuyajibu kwa njia mbili. Jibu la orodha, na jibu ambalo kila sababu ina tarehe na mtu aliyeihisi. "Mashindano ya silaha" likawa hofu ya Berlin kwamba Urusi, kwa mpango wake mpya wa jeshi, ingekuwa na nguvu mno kufikia 1917, hivyo afadhali sasa. Jibu la pili lilitoka refu kidogo, lakini sababu bado ni tano, na msahihishaji hawezi kuzikosa. Walimu walitulia. Sijui kwa nini sikuanza na hili wiki ya kwanza. Ningeokoa manung'uniko mengi.

Wiki ya 8

Tulifungua bahasha ya aya za mwanzo. Kila mwalimu alisoma yake kimya, kisha akaandika nyingine. Yule aliyefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini alikataa kuonyesha ile ya kwanza kwa mtu yeyote, akaikunja akaitia mfukoni.

Aya mpya hazifanani, na hilo ndilo nililolipenda. Baadhi zimeanza Vienna, nyingine Saint Petersburg, moja imeanza na Wilhelm na kalamu yake pembeni mwa karatasi. Mbili bado ni orodha; waandishi wake wanasema darasa lao linaihitaji, na huenda wanalijua darasa lao kuliko mimi.

Yaliyobaki: kusahihisha tafsiri za Novikov, ambazo nimetoa kutoka Kiingereza badala ya Kirusi na ningependa mjuzi wa Kirusi azipitie. Kutafuta namna ya kugawa nyaraka kwa walimu wasio na mashine ya kunakili. Bahasha ya ofisa wa Kisovieti Stanislav Petrov na tahadhari ya uongo ya shambulio la nyuklia, 26 Septemba 1983, haikurudi. Nadhani iko kwenye mkoba wa mtu.

Jioni nimepokea andalio la somo kutoka kwa yule mwalimu kijana wa "wote sawa". Hakuombwa. Ametengeneza ukurasa wenye safu mbili, Suez na Budapest, mwaka 1956, siku kwa siku. Oktoba 29, Israeli inaishambulia Misri. Oktoba 31, ndege za Uingereza na Ufaransa zinapiga mabomu, na siku hiyo hiyo Moscow inageuza uamuzi wake wa jana wa kuondoka Hungaria. Novemba 1, Imre Nagy, waziri mkuu wa Hungaria, anaitoa nchi yake katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow. Novemba 4, vifaru Budapest. Novemba 5, askari wa miavuli Port Said, na barua ya vitisho ya Bulganin, waziri mkuu wa Kisovieti, kwenda London na Paris. Novemba 6, Uingereza inakubali kusimamisha mapigano.

Chini kabisa ameandika kwa mkono kazi ya wanafunzi: chagua siku moja, mtu mmoja katika safu moja, useme alijua nini kuhusu safu ya pili. Nimemrudishia na marekebisho mawili ya tahajia na swali moja, kama mistari ile itaingia ubaoni.